Nyekundu Ilipopotea Kwenye Skrini

Nakumbuka Jumamosi moja ya mvua hapa Eldoret, nikiwa kijana ambaye bado hajaoa, niliwafungia watoto mlango. Walikuwa wamezoea kuja kwangu kila Jumamosi wakimaliza kazi za nyumbani. Siku hiyo walisimama nje wakibisha na kuniita, nami nikakaa kitandani kimya kama mtu ambaye hayupo. Mwanangu, sikuwa na ugomvi nao. Niliogopa kile ambacho wangeniambia.

Wacha nikueleze vizuri. Nilikuwa karani kwenye stoo moja ya mahindi, nimetoka kwetu upande wa Bungoma, nimepanga chumba mtaa wa Langas. Mwalimu mmoja mgeni alipokuwa akirudi kwao aliniachia kompyuta yake ya nyumbani, ambayo hata wakati ule ilishakuwa ya kizamani. Mashine yote ilikuwa ndani ya kibodi nene, na skrini yake ilikuwa nzito, yenye mgongo mrefu kama televisheni za zamani. Hakuna ofisi ambayo ingeitaka. Lakini ukiiandikia maagizo sawasawa, ilichora, na mimi niliwafundisha watoto wa ploti yetu ya vyumba vya kupanga kuchora nayo. Walichora nyumba, ng'ombe, na walichopenda zaidi, bendera yetu.

Hiyo bendera ndiyo iliyonitisha. Jioni moja nilikuwa nimeketi mbele yake muda mrefu, nikaona utepe mwekundu umekuwa mweusi. Na ile mistari miembamba myeupe ilikuwa imegeuka ikawa ya samawati. Nikafumba macho, nikafumbua. Bado. Nikazima mashine nikalala. Asubuhi nilipoiwasha, nyekundu ilikuwa pale, safi kabisa, nikamshukuru Mungu. Jioni, baada ya kukaa nayo kitambo, ikapotea tena.

Mtu mwingine angesema mashine imeharibika, basi. Mimi sikuweza, kwa sababu ya baba yangu. Baba alipofuka polepole, na sisi nyumbani tuligundua kwa rangi. Alinituma siku moja nimfungulie ng'ombe mwekundu, huku akimnyooshea mkono yule mweusi. Mama akamuuliza, akajibu kwamba vumbi limemwingia machoni. Akajikwaa kwenye ndoo, akatulaumu sisi watoto kwa kuiacha njiani. Alificha mpaka mchana mmoja wa jua kali alipotembea moja kwa moja akatumbukia mtaroni, na kufikia hapo hakuna daktari aliyeweza kumrudishia kitu. Nilikua nikimshika mkono kumpeleka kanisani. Mkono wa mtu mzima, mwanangu, ndani ya mkono wa mtoto, ni kitu kisichosahaulika.

Kwa hivyo nilipoona nyekundu inaondoka jioni nikiwa nimechoka na kurudi asubuhi nikiwa nimepumzika, nilijua jibu langu. Macho ndiyo yalikuwa yanachoka. Na siku moja rangi ingeondoka isirudi.

Nilianza kujipima kisirisiri. Sokoni nilisimama mbele ya nyanya hadi mama muuzaji akaniuliza kama nimepoteza kitu. Niliziona nyekundu, lakini nikajiuliza kama kweli naziona, ama najua tu kwamba nyanya huwa nyekundu. Swali kama hilo likishaingia kichwani halitoki. Kazini nilisoma alama za magunia, nikarudia, nikarudia tena. Kanisani nilishika kitabu cha nyimbo bila kukifungua. Usingizi ulinikimbia. Na watoto niliwafungia nje kwa sababu moja tu: mtoto husema anachokiona. Kama wangesema bendera iko sawa, ningekuwa nimesikia hukumu yangu.

Sasa, kati ya wale watoto alikuwa Akinyi, na mama yake alikuwa mwalimu wa mambo ya umeme kwenye chuo kimoja cha ufundi hapa mjini. Watu wao walitoka upande wa ziwa. Mama Akinyi alikuwa amenizidi umri kwa mbali, mtu wa maneno machache, na alikuja mlangoni mwangu Jumamosi hiyo hiyo kuuliza kama binti yake amenikosea. Nikasema hapana. Akauliza kama mashine imeharibika. Nikasema sijui. Alinitazama usoni, akaona jinsi nilivyokonda, akaingia bila kukaribishwa na kuvuta kiti.

"Washa hiyo kitu," akasema. "Tukae hapa tuitazame."

Sikuwahi kuogopa kama nilivyoogopa wakati ule. Bendera ilitokea na rangi zake zote. Mama Akinyi aliweka mikono mapajani akangoja, nami sikutazama skrini tena, nilitazama uso wake. Mvua ilikuwa ikipiga mabati. Nilikuwa na uhakika kwamba nyekundu ingepotea kwangu peke yangu, na yeye angeendelea kukaa vile vile bila kubadilika, kisha angeniuliza kwa upole kama naona vizuri.

Ghafla akainamisha kichwa mbele. "Hiyo nyekundu imeenda wapi?"

Mwanangu, nililia. Mwanamume mzima, nilishika uso wangu nikalia mbele ya mama wa watu.

Alimtuma Akinyi, aliyekuwa amesimama mlangoni, akimbie nyumbani kuleta vifaa vyake, akazima mashine na kuchomoa plagi. Nilipotaka kumsaidia kufungua mgongo wa skrini alinishika mkono akaniambia nisiguse kabisa, kwamba ndani mle umeme hubaki hata plagi ikiwa imetolewa, na umewahi kumwangusha mwanafunzi wake. Skrini aliiacha ilivyo. Alifungua ile kibodi peke yake, akanionyesha mahali waya wa skrini unapoingia, ambapo kila rangi ina njia yake. Kwenye njia ya nyekundu, risasi ya kulehemu ilikuwa imepasuka ufa mwembamba kama unywele. Mashine ikiwa baridi, kingo za ufa zinakutana na rangi inapita. Ikipata joto, zinaachana, na nyeupe nayo ikikosa nyekundu hubaki samawati. Ndiyo maana asubuhi ilikuwa sawa na jioni inaharibika. Macho yangu hayakuhusika. Akapasha moto chuma cha kulehemu, akaigusa ile sehemu kwa uangalifu, akafunga. Tukawasha, tukangoja hadi kibodi ikawa moto mkononi. Nyekundu haikuondoka.

Nilicheka, nikataka kumpikia chai. Lakini yeye hakucheka. Aliniuliza kwa nini nililia vile kwa sababu ya waya. Hapo ndipo nilipomsimulia habari za baba.

Alisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Wanjala, mashine nimetengeneza. Lakini hiyo ya baba yako bado hujaijibu. Umekaa hapa wiki nzima ukijitisha, na hospitali iko hapo tu. Jumatatu twende."

Hofu iliyorudi ilikuwa mbaya kuliko ya kwanza, kwa kuwa sasa haikuwa na mashine ya kusingizia. Nilitafuta sababu zote. Kazi. Mvua. Kwamba naona vizuri sasa. Mama Akinyi alinijibu tu kwamba hata baba yangu alisema anaona vizuri.

Jumatatu alinipeleka hadi kliniki ya macho na akakaa nami kwenye benchi. Walinipima kwa vyombo vyao, na daktari, mama kijana mwenye sauti ya chini, akaniambia kwamba presha ya macho iko juu. Pembeni mwa jicho la kushoto nilikuwa nimepoteza kidogo bila kujua, na hicho hakirudi. Ila kilichobaki kinaweza kulindwa kwa dawa ya matone, kila siku, maisha yote. Akaongeza kwamba ugonjwa huu hutembea katika familia na hauumi. Nikatuma habari nyumbani, na dada yangu akapimwa akakutwa nao pia. Baba aliposikia alisema afadhali sisi tumeuliza mapema.

Leo nina mvi, na uso wako nauona kutoka hapa nilipokaa. Dada yangu anawashonea wajukuu nguo.

Kwa hivyo nakuambia, mwanangu. Ukiona kitu kimeharibika na hujui kama ni kitu au ni wewe, usikae nacho gizani. Mwite mtu mwingine atazame pamoja nawe. Na ukiambiwa si wewe, shukuru, lakini usikimbie lile ambalo moyo wako ulikuwa ukiliogopa tangu mwanzo. Liendee, na kama miguu haitaki kwenda, tafuta wa kukushika mkono. Kama kwenu kuna mtu aliyepofuka, nenda ukapimwe wiki hii, usingoje kuumwa.

Mungu akulindie macho yako na ya wale watakaozaliwa kwako. Akupe majirani wanaoingia bila kukaribishwa, na uzee wa kuwaona wajukuu wako mmoja mmoja, kwa rangi zao zote.