Sura za Kufungia Samaki

Nasike anakaanga samaki hapa Kondele, kando ya meza yangu ya mboga za sukuma. Ni mjane kutoka Bungoma, na lugha yetu ya Dholuo anaivunja kama kuni. Wengine wetu tunasikiza redio ya upande wetu na kumeza kila kitu kinachotumwa kwa simu. Yeye alikuwa akisoma magazeti ya mwezi uliopita, yale aliyonunua kwa kilo ili kufungia samaki.

"Gazeti likishapoa, Mama Ajwang," aliniambia, "kama lilidanganya, limeshaaibika."

Ikaja wiki ya kungoja matokeo ya kura. Frankline, kijana anayeongoza wenzake kufunga barabara siku za fujo, akanunua samaki wa ngege. Kufungua, akakuta uso wa mkubwa wetu, yule tuliyempigia kura, umelowa mafuta mpaka machoni.

"Mathe! Umemkaanga na yeye?"

"Ni karatasi tu, mwanangu."

"Karatasi ya kwenu ama ya kwetu?"

Frankline alicheka, lakini macho yake yalipima kibanda cha Nasike mbao kwa mbao. Kura zilizopita, vibanda vya wageni viliungua hapa hapa. Jioni Nasike akachambua magazeti yote. Sura za mkubwa wetu akazificha nyumbani chini ya godoro. Zikabaki za mpinzani, na vijana wakafurahi ajabu.

"Mpake mafuta, mathe! Ongeza chumvi!"

Walinunua mpaka karai likabaki tupu. Nasike hakucheka.

Kesho yake mchana akaja askari, bunduki begani, si mtu wa huku.

"Mama, nifungie mbili kubwa."

Ndani ya boksi la karatasi zilikuwa sura za mpinzani, na huenda huyo ndiye mtu wa askari. Na kwa benchi, Frankline na wenzake wameacha kutafuna, wanangoja kuona. Nasike akapekua, jasho likimtiririka, akavuta ukurasa wa matangazo ya vifo. Maiti hana chama, nadhani ndivyo alivyowaza.

Askari akazitazama picha za marehemu. Akamtazama Nasike.

"Unaniombea nini, mama?"

"Hapana, afande! Ni karatasi iliyokuwa karibu."

"Kwani hizo zingine zina nini?" Akanyoosha mkono kwa boksi.

Nasike akanyakua sahani yangu mapajani, ugali wangu ukiwa bado ndani, akaweka samaki juu.

"Mgeni hali kwa karatasi, afande. Keti hapa."

Akaketi, katikati ya Frankline na wenzake. Tulisikia mifupa ya samaki ikivunjika tu, mpaka akalipa akaenda. Nasike akakaa chini kwenye vumbi.

Jioni hiyo alichoma zote: sura zao, zetu, na za marehemu. Siku hizi ukitaka samaki wake, njoo na sahani. Ukimuuliza habari za nchi, atakuuliza unataka mkia ama kichwa.

Juzi upepo ulileta kipande cha gazeti miguuni pake. Akakiokota, akasoma mstari mmoja, akatazama huku na huku, akakisukuma motoni.