Chupa Niliyoionea Huruma

Daftari langu, leo nimeumbuka. Unajua mimi ni mwoga wa watu, hata shikamoo naitolea kifuani. Ndiyo maana Mwalimu Neema alinipa kazi isiyohitaji mdomo: kulinda chupa mbili za maji ya rangi ya batiki, juani, nje ya maabara. Moja aliitia unga mweusi wa grafini, ambao ukipigwa na mwanga huivunja rangi. Afisa elimu akija leo kuzikagua na akiridhika, klabu yetu ya sayansi inaenda maonyesho Musoma.

Kufika saa sita, chupa yenye unga ilikuwa imeng'aa. Ile nyingine bado bluu tupu! Nikadhani zote mbili zilitakiwa kusafika, nikajua nimezembea mahali. Nikaimwaga haraka, nikaijaza maji ya tangi, nikajifuta mikono kwenye shati.

Afisa akafika, akainama. "Hii yenye unga imesafika. Na hii?"

"Hiyo haina unga, ni ya kulinganishia," mwalimu akajibu kwa furaha, bila kuitazama. "Ndiyo maana imebaki bluu."

"Bluu iko wapi, mwalimu?"

Mwalimu akaitazama chupa. Kisha akanitazama mimi.

"Iko kwenye shati la Robi," akasema taratibu. "Viganja vyote viwili."