Chakula cha Mkutano wa Falsafa

Mkuu wa idara yetu ya falsafa, hapa Kasongo, hana kawaida ya kumpa mtu kiti. Asubuhi ile alinivutia kimoja, akakifuta vumbi kwa kiganja, akaniuliza watoto wameamkaje. Nikajua ana lake.

Somo la falsafa ya sayansi lilikuwa halina mwalimu, na siku hiyo tulikutana kuamua nani alifundishe. Mimi ndiye niliyelisomea. Lakini mwanamke katika idara ni mimi peke yangu. Wenzangu, tuliolingana vyeti, wanaitwa Profesa; mimi naitwa Mama. Ni heshima, wanasema. Heshima hiyo mimi naishuku.

Mwaka uliotangulia, somo la mantiki lilipobaki wazi, waliniomba nikaangalie kidogo chakula cha mgeni wa siku hiyo. Niliporudi na wali, mantiki ilikwisha kupewa kijana niliyemfundisha mwenyewe, naye akawa wa kwanza kunyoosha sahani.

Safari hii nilijihami. Profesa aliyekuja kusimamia uamuzi alikuwa anatoka Kindu kwa pikipiki. Nilitwanga sombe, majani ya muhogo, mapema, nikapika wali na samaki wa Lualaba, nikavifunga vyombo vizuri na kuviweka chini ya kiti changu. Mgeni alipoingia, mwekundu kwa vumbi, mkuu aliniinamia.

"Mama, mugeni iko na njaa. Uende uangalie jikoni kidogo. Sisi tutakusemea."

"Chakula iko hapa, Chef," nikamjibu mkuu, nikivuta vyombo. "Tuendelee na mukutano."

Wakatazamana. Kisha mkuu akatabasamu, akasema chakula kisipoe, tule kwanza. Wakala. Mgeni akaisifu sombe, akataka kujua nani alinifundisha kupika hivyo. Nani alinifundisha falsafa, hakuna aliyeuliza. Waliposhiba, macho yakawa mazito, mkutano ukasogezwa mpaka Alhamisi, na mkuu akaniagiza nisisahau pilipili. Nilikasirika huku nikikusanya sahani. Ndiyo, nilizikusanya mimi.

Alhamisi nilikuja mikono mitupu. Nilikaa kwenye kiti kile kile, na kila aliyeingia alichungulia chini yake. Wakazunguka wee: eti somo ni zito, eti kuna wanafunzi wa kufuatwa Salamabila pia na barabara ni mbaya, Mama atachoka. Nikawaambia barabara hiyo naijua kuliko wao, kwetu ni Wamaza, njiani huko huko. Jua likapanda, matumbo yakaanza kunguruma, na jikoni hakukuwa na mtu. Mara mgeni wa Kindu akafunga kalamu yake.

"Tumupatie Mama hii somo, tumalize."

Wote wakainua mikono, upesi ajabu.

Ninalifundisha mpaka leo, na ninalifundisha vizuri. Lakini kila nikiingia darasani najiuliza kama walinipa kwa sababu ninalijua, au kwa sababu walikuwa na njaa. Wenzangu wanaume hawajawahi kujiuliza hivyo.