Nilivyoanguka Mlangoni mwa Kanisa na Shela Kichwani

Jamani, nichekeni tu: bibi harusi mzima nimelala kifudifudi mlangoni mwa kanisa, shela matopeni, na hakuna hata mmoja wa kuniinua.

Ilikuwa kwetu Kwihara, enzi za Mwingereza. Kengele imeshalia, mkokoteni wetu umekwama kwenye tope, basi nikasema ya nini kungoja, nikavua viatu (vya kuazima, tena vya kubana) nikakimbia. Pale mlangoni moyo ukanienda mbio, macho yakaingia giza, sikujua tena.

Nilipofumbua macho niliwatambua wote, ila walisimama mbali. Shangazi yake Yohana, mchumba wangu, ameziba pua kwa khanga. "Msimguse! Kifafa hicho, kitawaambukiza!" Nikanyanyuka mwenyewe, nikajipangusa, nikauliza, "Padre, tuendelee?" (Ndiyo, niliuliza!) Yohana alishavutwa na nduguze, na wali wa harusi ukaishia kwa mbwa.

Mama akanipeleka mjini, mtaa wa Mtendeni, kwa daktari mmoja Mhindi.

"Alirusha mikono na miguu?" akamuuliza mama.

"Kidogo tu, akatulia. Uso ulipauka kama majivu."

"Aliuma ulimi? Alizinduka amechanganyikiwa?"

"Hata! Alizinduka akataka ndoa iendelee."

Akanisikiliza kifuani kwa mpira wake wa masikioni, muda mrefu mpaka nikaona haya. "Hiki si kifafa, mama. Ni moyo. Asikimbie, asibebe mizigo."

Mimi nikafurahi, wenzangu! Nikajiona nimeshinda kesi, kesho naenda kuwaambia kina Yohana. Ndipo daktari akauliza, "Nyumbani kuna mwingine aliyekuwa akianguka hivi?"

Dada yangu Veronika alikuwa akianguka kila akikimbia au akibeba debe la maji, akizinduka papo hapo na kutuita majina yetu, nasi tukasema kifafa, tukamtengea sahani na kikombe chake. Siku ya mwisho alianguka njiani akitoka kisimani, wenzake wakatawanyika kwa hofu, na tulipofika mwili ulishapoa.

"Alikuwepo," mama akasema, akajifunika khanga usoni.

Yohana hakurudi. Mama yake alisema kifafa au moyo, mwanawe hataki kuwa mgane. Hilo nililimeza. La dada yangu limenikwama mpaka leo, na nimeapa: mtu akianguka mbele yangu sikimbii, nainama, namtazama uso, namshika mkono, ili akizinduka asijikute peke yake.