Punda Aliyesubiri Marahaba

Watu wengi wakitaka kupanda mnyama huanza na mgongo. Wanautazama, wanaupima kwa macho, halafu wanaurukia. Hilo ndilo kosa la kwanza, na mimi nililifanya kama mara elfu mbili kabla ya chai ya asubuhi. Mgongo ni wa mwisho kabisa. Anza na masikio. Masikio ya punda yakielekea mbele, anakusikiliza. Yakilala nyuma, katafute shughuli nyingine, hata kulima.

Nayasema haya kama mtu mwenye cheti. Kweli, cheti chenyewe kilikuwa cha kisomo cha watu wazima na hakikutaja punda popote, lakini kijiji chetu cha ujamaa pale Kwihara kiliamini kwamba mtu aliyemaliza darasa la usiku bila kusinzia anaiweza kazi yoyote. Siku moja mwenyekiti wa kijiji alisimama mkutanoni akasema punda wetu anahitaji msimamizi msomi. Watu wote wakageuka kunitazama. Nilikuwa nimekaa mstari wa mbele, kalamu mfukoni, kosa jingine ambalo sikulirudia.

Nilikubali, lakini si kwa mapenzi ya kijiji wala ya punda. Nilikuwa nataka kuoa.

Binti niliyemtaka alikuwa wa Mtendeni, mjini. Baba yake alikuwa fundi wa masanduku ya bati, mtu wa maneno machache kwa sababu mdomo wake siku zote ulikuwa umejaa misumari. Posa aliipokea, siku ikapangwa: Alhamisi ya mwisho kabla ya Ramadhani, baada ya sala ya adhuhuri. Kisha akatema misumari yote kiganjani, nikajua linakuja jambo zito.

"Mama yangu awepo," akasema. "Mama yangu asipokuwepo, kijana, mimi simwozi mtu."

Mama yake huyo alikuwa jirani yangu Kwihara, bibi wa makamo ya juu sana, mwenye nyonga iliyogoma. Kutoka Kwihara hadi Mtendeni ni maili chache tu, lakini kwa miguu ya bibi zilikuwa sawa na kwenda Ujiji na kurudi. Lori la kijiji lilikuwa juu ya mawe tangu msimu wa karanga uliopita. Baiskeli alikwisha kuijaribu mara moja, akabebwa nyuma kwenye keria, akaishia katikati ya shamba la mihogo akiwa amekaa vilevile kama alivyokuwa amekaa kwenye keria. Tangu hapo baiskeli ilikuwa haitajwi mbele yake. Alipoulizwa atakwendaje harusini, alisema atapanda punda, kama mama yake alivyoingia mjini zamani, na watu wakatoka kumtazama.

Sasa pima mwenyewe. Bibi asipofika kabla ya alasiri, sheikh ataondoka, na Ramadhani ikiingia hakuna ndoa mpaka baada ya Idi. Na huko Mtendeni kulikuwa na karani mmoja mwenye pikipiki, anayepita mbele ya nyumba ya yule fundi mara nyingi kuliko upepo. Mimi mwezi mzima wa kumwachia yule karani sikuwa nao. Nilikuwa na punda na majuma sita.

Punda yule alikuwa wa muuza maji wa mjini. Miaka na miaka alibeba madebe manne ya maji nyumba kwa nyumba, mpaka mabomba yalipoletwa mtaani na muuza maji akahamia kwa mwanawe Urambo, akakiachia kijiji mnyama wake. Kwa hiyo alikuwa anajua mzigo, ila mtu alikuwa hamjui. Mtu ni mzigo unaotikisika na kutoa ushauri.

Siku ya kwanza nilimwendea kwa nyuma. Akanipiga teke nikaona meli za Kigoma zikitia nanga. Siku ya pili nilimwendea kwa mbele, nikampigia hotuba. Akanisikiliza hadi mwisho, akala kofia yangu. Siku ya tatu ndipo akili ziliponijia. Nikakaa kando yake kwenye majani, nikamenya karanga, sikusema neno. Baada ya muda akaja mwenyewe kunusa. Hapo ndipo mafunzo yalipoanza, na nakuapia, kila nilichofanya kabla ya hapo kilikuwa mazoezi ya mifupa yangu.

Nilimwekea gunia tupu mgongoni, nikamzungusha zizi mara moja, nikamvua. Basi, somo limekwisha. Kesho yake gunia lenye pumba. Juma lililofuata gunia lenye mahindi nusu. Jambo kubwa ni kuacha wakati mnyama bado anafurahi. Ukingoja achoke, kesho atakukumbuka kwa uchovu wake. Na usivute kamba ya hatamu kama unateka maji kisimani. Ishike kama unavyoshika mkono wa mkwe, kwa adabu na bila kubana. Baadaye nilipanda mwenyewe, nikakaa nyuma karibu na makalio yake, maana punda hapendi kukaliwa mabegani. Nilianguka kushoto, nilianguka kulia, na siku moja nilianguka juu, usiniulize ilivyokuwa. Juma la tano alikuwa ananibeba kuzunguka zizi kama yai.

Tulipotoka barabarani ndipo niliposhangaa. Hatua ishirini, tukakutana na mama mmoja na kuni zake kichwani. Akanisalimu, nikaitikia, punda akasimama. Nikamhimiza kwa visigino, wapi. Nikashuka, nikasukuma, nikamwimbia. Alisimama pale kama amejengewa msingi, mpaka yule mama alipofika mbali kabisa. Tukaenda hatua nyingine thelathini, tukakutana na mzee, nikampa shikamoo, na punda akapanda mizizi tena.

Nilikwenda kwa mtani wangu, Mzaramo mmoja mfanyakazi wa reli aliyekuwa akikaa Ipuli. Alimjua muuza maji tangu zamani. Alicheka mpaka akashika mlango. Akanieleza kwamba yule muuza maji alikuwa na adabu ya kupita kiasi. Hakuwahi kumpita mtu bila kusimama na kumwuliza habari za nyumbani, za shamba, za mgonjwa, za kuku wa mgonjwa. Punda alikuwa amejifunza hivyo: salamu ikianza, kazi inasimama. Akaniambia kwamba sisi Wanyamwezi ni watu wa ajabu, hata punda wetu hutaka ajuliwe hali.

Nikarudi nyumbani nikipiga hesabu. Barabara nzima, kutoka Kwihara mpaka mjini, inamjua bibi. Nusu ya watu amewapokea wakizaliwa, nusu nyingine amewachapa. Kila mmoja atampa shikamoo. Punda akisimama kwa kila mmoja kama alivyosimama kwangu, tutaingia Mtendeni mwezi wa Idi, na mwaka sijui gani.

Basi mimi, msomi, nikabuni mpango. Nikamwomba mtani wangu siku ya harusi atangulie kwa baiskeli, awaambie watu wote wa njiani kwamba bibi akipita wasimsalimie. Siku hiyo moja tu. Naona aibu hata kuandika. Lakini wakati ule nililala usingizi wa mtu aliyetatua jambo la serikali.

Alhamisi ikafika. Bibi alivaa kanga mpya, akafunga tandiko lake kwa mto wa sufi, tukampandisha kwa kiti na watu wanne. Aliponiegemea begani ili avuke kutoka kwenye kiti, aliniita mume wangu, kama mabibi wanavyowaita wachumba wa wajukuu zao, akaniambia nisimwangushe maana mke mwenzake, yaani mjukuu wake, hatanisamehe. Alipokaa, akanyooka kama nguzo. Punda akapeleka masikio mbele. Tukaondoka.

Tulikwenda vizuri mno. Barabara ilikuwa kimya. Nilikuwa natembea mbele na kamba, kanzu nimeikunja kiunoni, napiga mluzi. Sikujua kwamba mtani wangu, kwa raha yake, alikuwa ameongeza chumvi. Hakuwaambia watu wasimsalimie tu. Aliwaambia atakayemsalimia bibi atakuwa amevunja harusi kwa mdomo wake mwenyewe. Watu wakaogopa hata kumtazama. Mzee mmoja alipotuona aligeuka akaanza kuchunguza ukuta. Kinamama wawili walijitupa kwenye mtama. Mwanamume mmoja alijifunika kapu kichwani akasimama hivyo, miguu inaonekana.

Bibi aligeuka kumtazama yule wa kapu. Kisha akauliza taratibu, "Mume wangu, watu hawa wana nini na mimi?"

Nikamjibu labda jua linawapiga machoni.

Tukapita nyumba nyingine. Mama mmoja mtu mzima, na jembe lake begani, alituona, akafumba macho kabisa akapita akipapasa njia.

"Yule nimemwogesha siku aliyozaliwa," akasema bibi. "Simamisha."

Nilijifanya sikusikia. Akateremka mwenyewe, na nyonga ile, sijui kwa nguvu gani, akaenda kukaa juu ya kichuguu, mgongo ameuelekeza mjini.

"Nirudishe nyumbani," akasema. "Mtu asiyesalimiwa amekwisha kuzikwa. Sitaki kumpelekea mjukuu wangu maiti harusini."

Nilimbembeleza. Nikamwambia habari za pilau, habari za mwanawe anavyomsubiri. Hakugeuka. Nikaona kidole chake kinafuta jicho kwa pembe ya kanga mpya, na hapo, ndugu msomaji, nilisahau pikipiki, nilisahau Ramadhani. Mtani wangu naye alikuwa amerudi na baiskeli yake, anatabasamu, anangoja sifa. Nilimwonyesha kichuguu. Tabasamu likamwisha.

Nilipiga magoti. "Bibi, ni mimi. Nimewakataza mimi wasikusalimie, ili tuwahi."

Akageuka kunitazama.

"Wewe si umesoma?"

"Nimesoma, bibi."

"Walikufundisha hilo?"

"Hapana, bibi. Hilo nimelibuni mwenyewe."

"Basi akili unazo nyingi, mume wangu," akasema. "Zimekosa tu pa kukaa." Kisha akamgeukia mtani wangu. "Na wewe mtu wa pwani, panda hilo chuma lako. Kila aliyeninyima salamu aje anipe. Nikizipata zote ndipo nitaondoka hapa."

Hapo adhana ya adhuhuri ilikuwa inasikika kutoka mjini. Nikajua nimekwisha. Kwa mawazo nilimwona karani wa pikipiki amevaa kanzu yangu.

Wakaja. Wametoka kwenye mtama na nyuma ya kuta, wengine wanakimbia kwa furaha ya kufunguliwa mdomo. Bibi alisema hawezi kupokea shikamoo juu ya kichuguu kama mchwa, tumpandishe. Tukampandisha. Yule mama wa jembe akawa wa kwanza.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Umeamkaje? Watoto? Yule wa kikohozi? Mahindi? Haya, tuonane kwa heri."

Na aliposema lile neno haya, punda akaondoka. Hakuvutwa wala kupigwa kisigino. Alikwenda mwendo wa haraka, bibi anacheza juu kama debe tupu, mpaka kwa mtu wa pili. Akasimama. Marahaba, hali, watoto, ng'ombe, haya, akaondoka tena. Mimi nilikuwa nakimbia nyuma, kamba imenitoka mkononi, na polepole jambo likanipambazukia. Juma zima lile la barabarani, punda hakuwa mkaidi. Nilikuwa nawasalimia watu nusunusu, naitikia kwa kidevu ili niwahi, na yeye alikuwa anangoja nimalize. Nilikuwa nampiga visigino mnyama anayenisubiri nijue adabu. Kama una mnyama wa kupanda, uliza kwanza alifundishwa nini kabla yako. Inawezekana mwenye kosa anakaa juu.

Kila aliyemaliza kusalimia hakurudi nyumbani, alifuata. Tulipoingia Mtendeni tulikuwa watu wasiopungua nusu ya mkoa. Alasiri ilikuwa haijaadhiniwa, ila ilikuwa inajikohoza. Karani alikuwepo kweli, amesimama na pikipiki yake inanguruma. Bibi alimwuliza hali. Akalazimika kuzima injini, maana bibi alianza na baba yake, akaenda kwa wajomba, akafika mpaka kwa shangazi wa Sikonge, na punda akiwa amesimama mbele ya gurudumu hana haraka. Nilitamani nimkumbatie yule punda.

Mlangoni alisimama baba mkwe, kanzu mpya, uso mgumu kuliko bati lake. Sheikh alikuwa nyuma yake, viatu tayari mguuni.

"Mama," akasema fundi, "tumekungoja tangu sala."

Bibi alimtazama kutoka juu. "Hapa bado sijasalimiwa."

Fundi akanitazama mimi, akatazama umati, akainamisha kichwa mbele ya punda.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mgongo wako unaendeleaje? Misumari bado unaila?"

Watu wakacheka, naye akashindwa, akacheka. Ndiyo mara ya kwanza nilipoona meno yake bila misumari. Akamjibu yote, la mgongo na la misumari. Bibi akaridhika, akasema haya. Hakuna aliyekuwa amekumbuka kumteremsha. Punda alimwingiza moja kwa moja ukumbini, akapita juu ya mkeka, akasimama katikati ya mashahidi.

Sheikh alivua viatu akakaa. Alisema hajaona katazo lolote la bibi kuwepo kwa namna ile. Nikashika mkono wa baba mkwe kama nilivyokwisha kukufundisha, kwa adabu na bila kubana, nikasema nimekubali kwa sauti ambayo nadhani ilisikika Nzega.

Mke wangu alikuwa chumbani nyuma ya pazia na wenzake, hajui lolote la njiani. Aliposikia kwato zinagonga sakafu ya ukumbi, alidhani ni mimi na viatu vya harusi. Akamtuma shangazi yake aje aniambie, kwa heshima, nivivue.