Kiti cha Kuotea Jua

Randa ikigusa mninga kwenye karakana yoyote hapa mtaani Soweto, Mbeya, miguu yangu inagoma kwenda. Pua hii inayanusa maranda ya hapa hata nikiwa kule Chunya!

Harufu hiyo ilijaa uani kwetu ule msimu baba, fundi seremala, alipomtengenezea mama kiti cha kuotea jua. Mama alikuwa anaumwa, na baridi ya kwetu inaweza kugandisha hata moto. Baba alimpima upana wa nyonga kwa kamba ya katani, akafunga fundo.

Kiti kilipokuwa tayari, mama akakikalia. Kikampwaya.

"We fundi, umenitengenezea kiti au zizi?"

"Mbao imetanuka kwa mvua, mama mtoto," baba akajitetea.

Mama akacheka mpaka bati likataka kuruka. "Mbao gani hiyo, inanenepa kwa mvua kama nguruwe?"

Baba akakibomoa, akakipunguza, akampima tena, akafunga fundo jingine. Kikampwaya tena. Ikawa ndiyo kazi yake, mafundo yakizidi kusogelea ncha ya kamba, naye akiilaumu mvua hata baada ya kiangazi kuingia.

Alipomaliza kukipaka vanishi mara ya mwisho, matanga ya mama yalikuwa yameshakwisha. Akakiweka uani palepale penye jua, akaninyanyua, akanikalisha.

Hata shule nilikuwa sijaanza. Kilinienea sawasawa.