Barua ya Mbuzi Aliyesahaulika

Aibu hii nimeificha hata kwa mke wangu, lakini kwa kuwa Okello wa kazini keshaanza kuisimulia huko Kabalagala (na chumvi anaongeza), afadhali muisikie kwangu mwenyewe.

Mnajua mimi ni askari wa geti kwenye jengo la ofisi pale Nakasero, Kampala, miaka sita sasa, na mwaka huu nafasi ya mkuu wa zamu ikawa wazi, nafasi niliyoitamani mpaka nikawa naiota. Wapangaji wengi ni Wakenya na Wakongo, kwa hiyo meneja wetu, Madamu, akasema atakayeipata lazima ajue kuandika Kiswahili, akaleta mwalimu wa kutupima. Mwalimu akasema hataki insha za darasani, anataka barua kama zile za kazini kweli, atazisoma mbele ya Madamu, na Madamu akielewa, umefaulu. Akaandika ubaoni: "Kuna kitu kimeharibika wakati wa zamu yako. Mwandikie meneja, umweleze."

Kimeharibika? Wakati wa zamu yangu? Maana kabla ya Idd nilimficha mbuzi wa mjomba nyuma ya jengo siku mbili (kwetu Kisugu mbuzi akilala nje humkuti), na maua ambayo Madamu aliyapanda kwa mkono wake yakabaki vijiti. Yeye alililaumu jua, nami nikalilaumu pamoja naye. Aliyejua ukweli ni Okello tu, mwenzangu wa zamu. Nikamtazama, nikaona anatabasamu! Huyu kaniuza, nikajisemea. Hata mwalimu nikaanza kumtilia shaka, maana mwalimu gani anavaa viatu vizito vyeusi kama mpelelezi, na mbona kila akipita anachungulia karatasi yangu?

Wenzangu wakaandika habari za taa na mabomba. Mimi nikaona mtego ni wangu, bora nijitetee mapema, nikamwaga kurasa mbili.

Zamu ya barua yangu ikafika, mwalimu akasoma kwa sauti kubwa, utadhani anatangaza mpira: "Madamu, huyo mbuzi nilimfunga kamba fupi, asingeweza kuyafikia maua yako, isipokuwa yale ya upande wa kushoto..."

"Mbuzi gani?" Madamu akauliza.

Nikamgeukia Okello. Akaninong'oneza, "Wewe Ramathan, ile mbuzi mimi nilisahau zamani! Mimi nilikuwa nacheka kwa sababu swali ni rahisi, bwana, sebo."

Nilitamani ardhi inimeze. Mwalimu (hana habari, maskini) akamaliza kurasa zote mbili, kisha akauliza, "Madamu, wewe kama msomaji, umeelewa?"

"Nimeelewa vizuri sana," Madamu akajibu, akiniangalia mimi. "Maua yangu yote yalikuwa upande wa kushoto."

Basi nikapata alama zote. Nikawa wa kwanza, mwalimu akanipa mkono, na ukuu wa zamu akapewa Okello aliyeandika mistari minne kuhusu balbu. Sasa yeye ndiye ananipangia kazi, na kila asubuhi kabla sijafungua geti namwagilia miche mipya ya Madamu. Inaniuma, siwafichi. Mtu akinipa tena mtihani wa kuandika nitamwandikia balbu, hata akiniuliza habari za mbuzi kwa jina lake.